Sisimizi Nyuma ya Nyumba

Mwanaume hasemi ukweli dirishani. Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje misimu mingi, mvua na kiangazi, na nimewasikia wanaume wenzangu wakiulizwa na karani aliye nyuma ya dirisha, kwa sauti inayofika mpaka kwenye benchi la mwisho, "Unaumwa nini?" Jibu ni moja. Mkulima wa tumbaku anasema mgongo. Mwalimu wa shule anasema mgongo. Dereva wa lori la ushirika, kijana mwenye mabega mapana kama mlango, naye mgongo. Wapo walioumwa mgongo kweli. Wengine niliwatambua kwa chupa ya soda iliyojaa maji, waliyoimaliza kabla jina halijaitwa, na kwa namna walivyotoka kwenda kukojoa wakarudi, wakatoka tena.

Hao ndio ninaowaandikia. Mimi si daktari. Nitaeleza nilivyougua na yaliyonipata nyumbani, kwa mpangilio wake, la kwanza litangulie, ili anayepita njia hiyo hiyo ajue shimo liko wapi.

Jina langu ni Athumani Maganga, mwenyeji wa Ng'ambo, Tabora mjini. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na pembe begani akarudi na jora za nguo, na baba alipenda kusema kwamba sisi tumerithi miguu, si mashamba. Mimi sikurithi hata hiyo miguu, kama mtakavyoona. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mwonja asali wa ushirika. Debe likifunguliwa nachovya kijiti, nakiinua kwenye mwanga nitazame rangi, nanusa kama kuna moshi, kisha naonja na kusema daraja lake. Wenzangu wengine walikuwa wakitema. Mimi nilikulia kwa watu wanaoamini kwamba kutema asali ni kumtukana aliyepanda mtini kuifuata. Nilimeza. Siku ya mnunuo, ushirika unaponunua madebe ya wafuga nyuki, nilimeza tangu asubuhi mpaka madebe yakaisha, na usiku nililala bila kutaka chakula.

Mwaka ambao watu walitolewa porini na kupangwa kando ya barabara, wafuga nyuki walikuja kituoni wamenuna. Mmoja kutoka upande wa Kaliua alitua debe lake akaniambia, "Ndugu, mimi nimehamishwa. Mizinga yangu haikuhamishwa. Nyuki hana kadi ya chama." Tulicheka, naye hakucheka. Nalikumbuka debe lile kwa sababu ndilo nililokuwa naonja nilipohisi kiu ya kwanza.

Haikuwa kiu ya jua. Nilikunywa kata ya maji, nikanywa ya pili, ulimi ukabaki mkavu kama umepakwa chokaa. Mvua zilipoanza nilidhani itaondoka. Ikakaa. Nikawa mtu wa kuamka kwenda nje, kurudi, kunywa, kwenda tena. Suruali zikaanza kunipwaya. Kapela, mwenzangu wa kazini, alinitobolea mkanda tundu jipya kwa msumari, na baada ya muda akatoboa lingine. Jioni macho yalikuwa kama ninaangalia kupitia chupa. Vidole vya miguu vikafa ganzi. Nilikanyaga kaa la moto jikoni, na aliyeniambia ni harufu.

Kisha mwili ukakataa kitandani.

Nisemeje? Nilikuwa na mke niliyempenda, Nyamizi, binti wa mzee Shija wa Ziba. Tulikuwa na mtoto mmoja, Zena, ambaye alikuwa ameanza shule. Nia ilikuwepo. Mwili ndio ambao haukuwepo. Mara ya kwanza Nyamizi alisema, "Umechoka na safari za vijijini. Lala, Baba Zena." Mara zilizofuata alivuta shuka akageukia ukutani. Nilianza kurudi nyumbani nimechelewa, nikakaa barazani mpaka nisikie amelala.

Zahanati nilikwenda. Waliniuliza, nikajibu mgongo. Wakanipa vidonge vya mgongo.

Kapela nilimwambia kwa kuzunguka. Nilisema kuna ndugu yangu ana tatizo. Alinitazama, akatazama mkanda wangu, akasema, "Mwambie huyo ndugu yako amekaa juu ya dawa halafu anauliza njia ya kwa mganga. Asali ya nyuki wadogo, achanganye na unga wa mizizi nitakaompa. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Hiyo inamwamsha hata maksai."

Kila mtu wa Tabora anajua hivyo. Mwanaume akilegea anapewa asali. Mzazi anapewa asali, mwenye kikohozi anapewa asali, na mwanaume aliyeshindwa anapewa ile ya nyuki wadogo wasiouma, iliyo nyepesi na yenye uchachu kidogo, kwa kuwa ndiyo dawa yenyewe. Mganga niliyemfuata baadaye kwa gari moshi aliniambia hayo hayo, akaongeza kipimo. Na mimi, mwonjaji, mwenye kujua mzinga gani umetoa asali safi na upi umechanganywa, nilijichagulia iliyo bora mkoa mzima. Nilipoona kijiko hakitoshi nikatumia kikombe. Kadiri nilivyolegea ndivyo nilivyokunywa, na kadiri nilivyokunywa ndivyo nilivyolegea. Hakuna aliyenitakia mabaya. Walionipa asali walinipa kwa mapenzi, na nusura waniue kwa mapenzi hayo.

Uani kwetu aliishi pia shangazi Mwamvua, dada mkubwa wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenilea, na neno lake nyumbani lilikuwa la mwisho. Alikuwa ameanza kumtazama Nyamizi tumboni. "Zena anajua kusoma sasa," alisema mbele ya wageni, "na bado hana mdogo wake wa kumfunza." Nyamizi aliinama akaendelea kuchambua mboga.

Choo chetu kilikuwa mwisho wa uani, mbali kwa mtu anayetoka kila mara. Nilizoea kusimama nyuma ya nyumba, kwenye kona ya ukuta. Asubuhi moja ya kiangazi shangazi aliona pale mstari wa sisimizi. Walitoka chini ya ukuta wakaenea mahali pamoja, weusi, wengi, kama wamealikwa. Hakukuwa na mfupa pale, wala ganda la tunda. Shangazi alisimama akawatazama, kisha akaenda kuchukua jembe.

Alichimba, akapata kitambaa chakavu kilichoviringwa na uzi. Uani kwetu ukichimba popote utapata kitambaa. Ni nyumba ya zamani, imepita watu wengi tangu siku za misafara. Lakini shangazi alikinyanyua kwa ncha ya jembe, akapiga yowe, na majirani wakajaa.

"Nilijua!" alisema. "Mwanangu amefungwa! Amefungiwa pale pale anaposimama!"

Mzee Sudi, balozi wa nyumba zetu kumi, alituita barazani kwake siku chache baadaye, baada ya swala ya alasiri. Walikuja wazee wa mtaa na wake zao. Alikuja mzee Shija kwa basi kutoka Ziba, amevaa koti lake la sikukuu, hajui ameitiwa nini. Shangazi aliweka kitambaa juu ya mkeka, akamnyooshea Nyamizi kidole.

"Hiki hapa. Sisimizi ndio walionionyesha. Mdudu mdogo vile hana sababu ya kusema uongo."

"Mama Zena," balozi akasema, "unakitambua?"

"Natambua kwamba ni kitambaa, baba," Nyamizi akajibu. Alikuwa amepiga magoti, lakini sauti yake haikutetemeka. "Mume wangu anakonda mnamwona. Anamaliza mtungi wa maji peke yake. Jioni haoni vizuri. Nimemwomba twende hospitali kubwa. Kama niliyemfunga ni mimi, ningemwomba twende kufunguliwa?"

"Hospitali inafungua fundo?" shangazi akauliza, na watu wakacheka.

Hapo nilisimama. Nilisema mbele ya wote, mbele ya mkwe wangu, kwamba mke wangu hana kosa. Kwamba anayeshindwa ni mimi, mwili wangu, na kwamba nilianza kushindwa zamani kabla ya kitambaa kile kuonekana. Nilitumia maneno ya wazi. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa khanga. Mzee Shija alitazama viatu vyake.

Nilidhani nimemwokoa. Shangazi aliwageukia wazee, machozi yakimtiririka kweli kweli, maana hakuwa akiigiza. "Mmesikia? Mwanaume mwenye akili timamu atajivua nguo hivi mbele ya baba mkwe? Amefungwa mpaka ulimi!"

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Tangu hapo kila nilichosema kilikuwa ushahidi dhidi ya Nyamizi.

Mzee Shija hakubishana. Anakotoka, neno lile la uchawi likikomaa juu ya mwanamke linaweza kuishia kwenye panga, na yeye alijua hivyo kuliko sisi wa mjini. Aliondoka mkekani, akamshika binti yake mkono. "Chukua vitu vyako na vya mtoto," alisema. "Basi la asubuhi tusilikose." Kwangu alisema neno moja tu, "Mkwe," kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Niliendelea na kazi, na asali. Sasa shangazi ndiye aliyenikorogea, asubuhi na jioni, akisimama mpaka nimalize kikombe. Alisema fundo limeondolewa, nguvu zitarudi. Siku ya mnunuo, jua likiwa kali, nilichovya kijiti kwenye debe nikaona rangi zinaungana. Kapela aliniambia baadaye kwamba nilianguka kifudifudi, na pumzi yangu ilinuka kama matunda yaliyooza.

Hospitali ya mkoa nilizinduka na mrija mkononi. Daktari, kijana mwenye miwani, alinieleza kwa maneno machache kwamba nina kisukari, na kwamba mahali nilipokuwa nimefika wengi hawarudi. Nilimuuliza kinatokana na nini. Alianza kunieleza, nikalala.

Niligundua jambo moja wodini, na bado linanichekesha vibaya. Nje, nchi nzima ilikuwa inatafuta sukari. Foleni ya duka la ushirika ilianza kabla ya mapambazuko. Watu walipigania ratili moja. Mimi nilikuwa nimelala kitandani nakojoa sukari.

Tangu siku hizo nilihesabu maisha kwa kliniki. Tulikaa kwenye benchi, kila mmoja na kichupa chake cha mkojo kilichofungwa karatasi. Mpimaji aliweka dawa ya bluu ndani ya bomba la kioo, akadondosha matone ya mkojo, akachemsha juu ya moto. Ikibaki bluu, umepona kwa wiki hiyo. Ikiwa kijani, umedokoa. Njano, umekula. Ikiwa nyekundu kama tofali, hakuna haja ya kukuuliza. Mimi niliyeinua asali za watu kwenye mwanga nikawaambia daraja lao, sasa nilisimama na kofia mkononi nikingoja daraja la mkojo wangu. Lilikuwa tofali.

Pale benchini ndipo nilipojuana na Bwana Karimu, mwenye duka la nguo karibu na soko, Mhindi mzaliwa wa Tabora ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa na ugonjwa huo tangu ujana, kama baba yake.

"Karibu kwenye ushirika," aliniambia. "Huu hauna mwenyekiti. Serikali ilitaifisha nyumba yangu ya ghorofa, nikawaambia chukueni na sukari. Hawakuitaka."

Nilicheka. Akaniinamia, akashusha sauti.

"Na nyumbani? Kumelala?"

Niligeuza kichupa changu mkononi.

"Kumelala," alisema mwenyewe. "Hata kwangu, ndugu. Mimi nilikula dawa za Wahindi, za Waarabu, za Wanyamwezi, zote tamu. Mpaka daktari mmoja wa zamani aliponiambia, Karimu, sukari inaanza na vidogo vya mbali: vidole vya miguu, macho, na huko. Umemwambia daktari wako?"

"Nilisema mgongo."

"Wote tunasema mgongo," alisema. "Hospitali hii ikiamini benchi hili, itadhani Tabora nzima wamebeba magunia."

Siku ile nilisema. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema ndiyo, ni ugonjwa ule ule; si wa pili, si wa kutupiwa, si wa kufungwa. Damu yenye sukari nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa, na pale ni mahali pa mishipa. Sukari ikishushwa na kushikiliwa, huenda nguvu zikarudi kiasi. Huenda zisirudi. Kwa wanaume wengine, alisema, hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa, inatangulia hata kiu.

"Kwa nini hukusema mwanzo?" aliniuliza.

"Karani aliniuliza mbele ya watu."

Aliokota kalamu akaandika. Sikumaanisha kumshinda. Nilikuwa nafikiria asali, kikombe kwa kikombe, na kitambaa juu ya mkeka.

Nilirudi nyumbani na sindano ya kioo, dawa ya kujichoma kila asubuhi, na kazi moja: kumsafisha Nyamizi. Asubuhi moja nilimwita mzee Sudi na shangazi uani. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekojoa mahali pawili nilipopachagua mwenyewe, mbali na ukuta, penye ardhi ngumu isiyochimbwa na mtu. Sisimizi walikuwa wamefika pote pawili. Pembeni nilikuwa nimemwaga maji yenye asali, na huko pia walikuwepo. Nilieleza yote, sukari, mkojo, mishipa. Nilimwomba shangazi achimbe popote anapotaka.

Hakuchimba. Aliwatazama wale wadudu muda mrefu. Niliona kitu kinamgusa usoni, na kwa muda mfupi nilidhani tumefika.

"Sawa," alisema. "Ni sukari. Na hiyo sukari mwilini mwako, aliitia nani?"

Mzee Sudi alinisindikiza mpaka mlangoni. "Baba Zena, mimi nimeelewa," alisema. "Lakini yule ni mama yetu sote mtaani. Nitamwita barazani nimwambie amekosa? Acha, mambo yatapoa."

Hayakupoa. Neno likisemwa mbele ya watu halipoi kwa kunyamaziwa, linajenga nyumba.

Nilikwenda Ziba mvua zilipokaribia. Mzee Shija alinipa kiti, maji, na chakula nilichoruhusiwa, kwa sababu aliuliza kwanza. Kisha alisema, "Neno lilisemwa barazani. Lirudishwe barazani, na aliyelisema. Ukininong'oneza hapa kwangu, kule litabaki." Nilimwambia shangazi amekataa. Akasema, "Basi binti yangu aamue mwenyewe. Mimi siwezi kumrudisha mahali hapo, wala siwezi kumzuia."

Nyamizi alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha.

"Daktari amesemaje kuhusu lile?"

"Huenda likarudi kidogo. Huenda lisirudi."

"Lisiporudi, utanichukia?"

"Nikuchukie wewe kwa lipi?"

"Kwa kukuona," alisema. "Ulikaa barazani kila usiku mpaka nilale. Ulidhani nimelala?"

 Alipepeta ungo mpaka makapi yakaisha. "Nyumba ile siingii tena," alisema. "Tafuta chumba mahali pengine. Na mambo ya hospitali twende wote. Dirishani nitasema mimi."

Nilipata chumba upande wa Cheyo, mjini humo humo. Alikuja na Zena mvua za kwanza, na kliniki iliyofuata karani alipouliza kwa ile sauti yake, "Unaumwa nini?" Nyamizi aliegemea dirishani akasema, "Ana kisukari, na kimemwondolea nguvu za kiume. Andika." Benchi zima liligeuka. Bwana Karimu alipiga makofi mara mbili, taratibu, kama yuko harusini. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini dereva yule wa lori, kijana wa mabega mapana, alinifuata nje baadaye akaniomba nimweleze vizuri, na baada yake walikuja wengine.

Rehema nilizozipata zilikuwa ndogo, nizitaje. Nyamizi alichemsha sindano kwenye sufuria yake maalumu iliyokatazwa kupikiwa kitu kingine. Dawa aliihifadhi ndani ya mtungi mdogo uliozikwa nusu kwenye mchanga wenye maji, kwa kuwa barafu hatukuwa nayo, na ilikaa baridi hata kiangazi. Dawa ilipochelewa kwa sababu njia ya reli imekatwa na mafuriko, Bwana Karimu alinigawia yake, nami nikamgawia yangu msimu mwingine. Ushirika nao ulinihamishia kwenye nta, ambayo haionjwi.

Adhabu zilikuwa kubwa. Matobolwa niliyokulia, vile viazi vitamu vya kukaushwa, marufuku. Msimu wa maembe, Tabora nzima ikinukia, nilipita barabarani nimefunga mdomo kama mwenye saumu. Ugali wa mtama kwa kipimo, kunde, mlenda, na kula saa ile ile kila siku, njaa iwepo isiwepo, maana ukichoma sindano usipokula unatetemeka, jasho linakutoka, na unaweza kuanguka tena.

Na lile ambalo msomaji wangu wa benchini amelingoja: lilirudi nusu. Mkojo ulipokaa kijani, kisha bluu, kwa miezi, mwili ulianza kukumbuka, asubuhi nyingine, na kusahau nyingine. Haukuwa tena mwili wa kuutegemea. Tulijifunza kutoupangia siku. Jumapili moja mvua ikipiga bati mpaka hatusikilizani, Nyamizi alisema kitu sikioni nikacheka, naye akacheka, na ilikuwa muda mrefu hatujacheka tukiwa tumelala. Hayo ndiyo nitakayosema. Zena hakupata mdogo wake. Anayekuahidi zaidi ya hayo, akiwa na kikombe cha asali mkononi, mkimbie.

Miaka ilipita. Shangazi Mwamvua akaanza kukonda. Alipata kidonda mguuni kisichofunga. Nyamizi, ambaye hakuwa amekanyaga uani kule tangu siku ya kitambaa, alikwenda kumjulia hali, akapita nyuma ya chumba chake, akarudi kumpigia magoti. "Shangazi, nakuomba ukapimwe. Nyuma kwako kuna sisimizi."

Shangazi alimfukuza kwa fimbo. Mimi nilikwenda, nikamsihi, nikalia. Alinipapasa kichwa kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. "Sasa mkeo amehamia kwangu," alisema. Alikunywa dawa yake ya mizizi na asali mpaka mwisho, na hakukubali kupanda gari la hospitali.

Msibani wanawake walikuwa wamekwisha kujua kila kitu. Yule mwanamke alionyesha sisimizi, na aliyeonyeshwa amekufa. Walihitaji nini tena? Nyamizi alikuja na sufuria ya kunde na ugali, kama mke wa nyumba anavyopaswa. Waliipokea kwa adabu. Waliiweka kando ya ua, imefunikwa, na hapo ikabaki. Sinia za wengine zilipita mbele yangu, wali mweupe na chai iliyokolezwa sukari, sukari ambayo mtaa mzima ulikuwa umeichangia kwa shida. Ya Nyamizi haikuguswa.

Nilikuwa nimechoma sindano asubuhi. Saa yangu ya kula ilikuwa imefika na kupita. Vidole vilianza kutetemeka, na jasho likanitoka shingoni. Mzee Sudi alinisogezea sinia la wali. "Kula, Baba Zena. Umefiwa."

Niliinuka nikapita katikati ya wanaume waliokaa mkekani. Miguu yangu haikunieleza vizuri nakanyaga nini. Nilifika kwenye ua, nikafunua sufuria, nikakaa chini, nikanawa kwa maji ya kopo, nikamega tonge. Wanaume wakaacha mikono juu ya sinia zao. Nilikula bila kumtazama mtu, taratibu, kama ninavyokula kila siku.

Nyamizi alitoka upande wa wanawake. Mke hali chakula na mumewe msibani, mbele ya watu. Alikuja, akakunja khanga, akakaa ng'ambo ya sufuria, akanawa, akamega.

Nilikula kiasi nilichopimiwa, nikaacha. Yeye aliendelea mpaka chini ya sufuria kukaonekana. Hakuna mwingine aliyekuja. Kisha alisimama, akaiosha pale pale mbele yao, tukarudi nayo nyumbani.